Barua ya wazi kwa Lavrov, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi: mipaka mliyoikubali 1991 ni ile ile

Mheshimiwa Sergey Viktorovich,

Shikamoo. Nimekuita kwa jina lako na la baba yako kwa sababu ndo nilivyofundishwa, kwamba kwenu mtu mzima haitwi jina la ukoo kavu kavu, na aliyenifundisha hivyo ni mwalimu wangu wa lugha kule Kharkiv, Ukraine, mwaka 1990, nilipofika na skolashipu ya serikali nikitokea Morogoro, koti langu la kwanza la baridi nimeazimwa. Mwalimu yule ni Muukraine. Sisi wanafunzi wa Kiafrika siku zile wote tuliwaita Warusi tu, hatukujua tofauti wala hatukuuliza. Nimeona nianzie hapo maana barua yangu yote iko hapo.

Julai 2022 kabla hujafika Kampala uliandika makala kwenye magazeti ya Afrika ukasema nchi yako haikujichafua na damu ya ukoloni na iliunga mkono ukombozi wetu kwa dhati. Msaada ule haukuwa hadithi, silaha za kupigania uhuru kusini mwa Afrika zilikuja, madaktari na walimu walikuja, na mimi mwenyewe nimesomeshwa bila baba yangu kutoa senti. Lakini mheshimiwa aliyenisomesha ni Umoja wa Kisovieti, na ndani yake alikuwemo mwalimu wa Kharkiv, alikuwemo daktari wa Kyiv, walikuwemo watu wa Odessa na Minsk na Tashkent, sasa inakuwaje leo shukrani yote ile inadaiwa na Moscow peke yake, tena inadaiwa ili tunyamaze wakati Kharkiv inapigwa makombora?

Nilikuwepo mambo yalipobadilika. Desemba 8, 1991 viongozi watatu, Yeltsin wa Urusi, Kravchuk wa Ukraine na Shushkevich wa Belarus, walikutana kwenye msitu wa Belovezha huko Belarus wakatangaza Umoja wa Kisovieti umefika mwisho, na kwenye mkataba ule ule wakaandika kwamba kila mmoja anatambua mipaka ya mwenzake ndani ya jumuiya mpya. Desemba 21 kule Almaty jamhuri 11 zikalirudia hilo. Hakuna jeshi lililomlazimisha Yeltsin, alisaini mwenyewe. Usiku wa Desemba 25 mimi nishahamia Moscow, tulijazana chumba cha tivii cha hosteli, Waangola, Wavietnamu, Wacuba, tukamsikiliza Gorbachev, rais wa Umoja wa Kisovieti, anaaga na bendera nyekundu inashushwa Kremlin, na mlinzi wetu wa mlangoni, mzee aliyepigana vita ya Hitler, akatoka nje bila kofia kwenye baridi ile akakaa huko mpaka tukamfuata.

Januari 2, 1992 serikali ikaacha kupanga bei za bidhaa, zikapanda. Stipendi yangu ilikuwa ruble 90 kwa mwezi, hela ambayo mwaka mmoja nyuma nilikula nikashiba na nikabakiza ya sinema, sasa ikawa haifiki hata wiki. Watu walipanga mistari kando ya barabara karibu na stesheni za metro, kila mtu kashika anachouza, viatu, vijiko, koti la mtoto. Nakumbuka bibi mmoja kaweka leso juu ya boksi na juu ya leso medali tatu za vita za marehemu mumewe, hasemi neno, hamwangalii mtu usoni. Balozi zenu kadhaa Afrika zikafungwa, Kozyrev, waziri wenu wa mambo ya nje siku zile, macho yake yote yalikuwa Washington, na mwaka huo huo jina la Patrice Lumumba likatolewa kwenye chuo kikuu cha Moscow kilichokuwa kimeitwa kwa jina lake toka 1961 (si chuo nilichosoma mimi, lakini kila Mwafrika pale mjini liliingia moyoni). Limerudishwa 2023, miaka 31 baadaye, mlipotuhitaji tena.

Sikusuti kwa hilo, nchi ilikuwa imeanguka na ninyi wenyewe mlikuwa na njaa. Nalisema ujue kwamba aibu ile niliiona kwa macho, kwa hiyo mnaposema mlidharauliwa miaka ya tisini naelewa kabisa. Naelewa waziri mkuu wenu Primakov alipogeuza ndege juu ya Atlantiki Machi 24, 1999 aliposikia NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, inaanza kuipiga Yugoslavia bila idhini ya Baraza la Usalama, hata mimi nilisema huyu mzee kafanya sawa. NATO kweli imesogea, 1999 Poland, Hungary na Czech, 2004 nchi nyingine saba, na mnayo haki ya kulilalamikia hilo kwenye kila kikao.

Ila Desemba 5, 1994 pale Budapest Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia, ghala la tatu kwa ukubwa duniani wakati ule, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kwa maandishi kuheshimu uhuru wake na mipaka yake iliyopo. Wewe mwaka ule ndo ulikuwa balozi wa Urusi Umoja wa Mataifa. Karatasi ile unaijua kuliko mimi. Miaka 20 haijaisha, Machi 2014, mkaichukua Crimea, rasi ya Ukraine.

Na hapa ndo sisi Waafrika tuna la kuwaambia. Mwaka 1964 Cairo, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya wakuu wenzake wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na hoja kwamba mipaka tuliyoirithi siku ya uhuru tuiheshimu, na ikapita. Mipaka ile iliwakata Wamasai katikati, iliwakata Wamakonde, hakuna aliyeipenda. Mlichofanya 1991 ni kile kile, mlirithi mipaka mkaikubali. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliwaeleza haya Baraza la Usalama Februari 2022, siku tatu kabla mizinga yenu haijaanza kuipiga Ukraine.

Machi 2 mwaka huo, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 141 zilipiga kura kuwataka muondoke Ukraine. Kenya, Rwanda na Congo ya Kinshasa zilisema ndiyo. Nchi yangu pamoja na Uganda na Burundi hazikuchagua upande. Wiki ile mwalimu wangu, mama wa zaidi ya miaka sabini, aliniandikia kwa Kirusi kutoka stesheni ya metro Kharkiv walikokuwa wanalala chini, hakuomba chochote, aliuliza tu kwenu mmepiga kura gani. Nilikaa na simu ile mkononi mpaka adhana ya magharibi.

Halafu yuko kijana wetu Mtanzania aliyekuja Moscow kusoma kama mimi, akafungwa miaka saba, gerezani akapewa njia ya kutoka, kwamba ajiunge na Wagner, kundi lenu la askari wa kukodiwa, na Oktoba 2022 akafia Ukraine. Waziri wetu wa mambo ya nje alilieleza taifa Januari 2023 na mwili ukaja nyumbani. Mimi nililetwa huko nikapewa kitabu cha sarufi, yeye kapewa bunduki.

Ninachoomba ni hiki. Toa orodha ya vijana wa Afrika Mashariki walioko kwenye jeshi lenu na magerezani, uwape balozi zetu, na vijana wetu wasiandikishwe tena. Ukija tena huku kutushukuru kwa kutokupiga kura, usiseme tuliwaunga mkono, wengi wetu hatukuwaunga. Na mrudi kwenye sahihi ya Belovezha na ile ya Budapest kama zilivyoandikwa.

Ukiamua kunijibu andika kwa Kirusi, bado nakisoma vizuri. Nakala nitampelekea mwalimu wangu.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Morogoro