Barua kwa mdogo wangu aliye Madrid

Mdogo wangu,

Shangazi amenifikishia ujumbe wako: unataka ile Mariana Pineda, tamthilia ya Lorca iliyochapwa kwenye gazeti. Tangu tumzike mama hujauliza hata nimeamkaje, leo unaulizia gazeti. Lipo. Nimelifunga kwenye kanga ya mama, maana karatasi zake ukizigusa tu zinamegeka. Kwa posta silitumi.

Unakumbuka ulivyovutana bei na yule mzee wa vitabu pale Cuesta de Moyano, kwenye vibanda vya vitabu vya Madrid, mpaka akacheka mwenyewe? La Farsa, gazeti la tamthilia la kila wiki, namba 52, Jumamosi tarehe 1 Septemba 1928, bei yake ya enzi hizo nusu peseta. Nilifurahi kuliko wewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwigizaji Margarita Xirgu alikuwa ameiigiza Barcelona, mapambo ya jukwaa kayachora mchoraji Salvador Dalí, na kwa namba hiyo hata asiye na nauli ya kufika huko, seuze tiketi, aliweza kumsoma Lorca kwa bei ya gazeti la wiki. Tamthilia ziuzwe hivyo, nasema mpaka leo.

Tulipoimaliza tukagombana. Ulisema Mariana mjinga. Amedarizi bendera ya wapinzani wa mfalme, kakamatwa, na Pedrosa, afisa wa mfalme, anampa njia: taja wenzako, uishi. Hataji. Yumo kwenye nyumba ya watawa anamngoja mpenzi wake Pedro, kumbe Pedro katorokea Uingereza. "Anaacha watoto kwa ajili ya mwanamume aliyekimbia!" ulipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Nikakwambia mwanamke huyo alikuwepo kweli, alinyongwa Granada tarehe 26 Mei 1831, na watoto wa mitaani wakawa wanaimba wimbo wake kwamba siku ile hata mawe yalilia. Pedro nani alimwimbia?

Sasa njoo barazani kwetu, siku ya tatu ya msiba. Wanaume mmekaa mkekani, mie nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Mjomba kauliza swali moja: nani alijua mama anaumwa nini? Ungeweza kunyamaza. Ukaninyooshea kidole. "Huyu. Alijua muda wote, akatuficha." Mbele ya mawifi zangu! Nikagawa kahawa, nikaanzia kwako.

Nakushauri kama dada yako: kabla hujamhukumu mtu, uliza kwanza kaapishwa nini. Mama alinishika mkono akaniapisha kwa maziwa yake. Ningefanyaje? Na nani alikuwa anamwogesha? Nani alilala chini, pembeni ya kitanda, akisikiliza anavyopumua? Pesa ulituma, kila mwezi, sikatai, Mungu akuzidishie. Lakini pesa haimgeuzi mgonjwa ubavu. Wewe uliona jeneza tu, mimi niliona yote, halafu mwenye hatia ni mimi.

Shangazi anasema kifua kimekuanza tena. Vaa vizuri, baridi ya huko unaijua, na ile dawa usiiache katikati kama kawaida yako.

Na kwa kuwa umeshaniita mficha mambo mbele za watu, basi chukua na hili, nimechoka kukaa nalo. Kila magharibi mama alikuwa akiniuliza kama umekula. Kila magharibi. Akanikataza nisikwambie, maana alijua ukisikia utaacha kazi upande ndege, na yeye alitaka kwanza upate karatasi zako za ukaazi.