Kwenu vijana mnaopanga albamu za Dream Theater

Wanangu,

Juzi nimesoma orodha ya mmoja wenu. Amezipanga albamu zote 16 za Dream Theater, ile bendi ya roki ya Marekani, kutoka bora hadi mbovu. Awake kaitupa nafasi ya 14, na mbele yake kaandika neno moja tu: inachosha. Nikamuuliza wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unaishaje. Akanijibu bila kusita kwamba alisikiliza nyimbo tatu za mwanzo, akaona zinatosha. Jibu hilo limenikosesha raha siku nne. Nimeona nisilimeze.

Mwanangu, umechungulia mlangoni, kisha ukawatangazia watu kwamba umelala ndani ya nyumba hiyo na haina kitanda.

Awake ilitoka 1994. Kabla kazi yake haijakamilika, mpiga kinanda Kevin Moore alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kuwa anaondoka. Wimbo wa kufunga, Space-Dye Vest, ni wake, maneno na muziki. Bendi ilikaa takriban miaka 20 bila kuupiga jukwaani. Sasa fikiri: dakika zaidi ya 60 umepigwa na gitaa la nyuzi saba la Petrucci, besi ya Myung inanguruma chini, Portnoy kwenye ngoma hakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu kelele zinakatika, na kinanda kinabaki peke yake, kinatembea polepole kama mtu anayefunga mizigo usiku asiwaamshe wengine. Wimbo huo ukiusikia umekatwa na kuwekwa pekee yake, utasema ni wa huzuni, basi. Ukiufikia kwa miguu, ukiwa umechoka, utajua kwa nini mimi nimeiweka Awake ya kwanza na sijaiondoa hapo miaka yote hii.

Na hili la kusikiliza kwa mfuatano si ukaidi wa kizee. Wenyewe wamelijenga ndani ya kazi zao. Scenes from a Memory ya 1999 inaishia na mchakarisho wa santuri. Six Degrees of Inner Turbulence ya 2002 inaanzia na mchakarisho uleule. Hiyo nayo inafunga kwa sauti ndefu iliyoshikiliwa, na sauti hiyohiyo ndiyo inayofungua Train of Thought ya 2003. Noti ya kinanda inayomalizia Train of Thought ndiyo inayoanzisha Octavarium ya 2005. Na Octavarium, baada ya wimbo wa dakika 24, inarudi palepale ilipoanzia, mduara ukafungwa. Albamu nne zimeshikana mikono, nanyi mnazirushia kwenye mashine ichague wimbo wowote, kisha mnakuja kuniambia Train of Thought “haina mpangilio”!

Kuna uzi mwingine pia. Kuanzia 2002 hadi 2009, Portnoy aliandika nyimbo tano katika albamu tano mfululizo, akisimulia hatua kumi na mbili za mtu anayejitoa kwenye ulevi. Ulevi huo ulikuwa wake mwenyewe. The Glass Prison ndio mwanzo, The Shattered Fortress ndio mwisho. Vipande vya muziki vya wimbo mmoja vinarudi katika mwingine, kama mtu anayekutana na makosa yake ya zamani njiani. Nani kati yenu ameusikiliza mkururo huo wote kwa kikao kimoja? Ni chini ya saa moja. Mnatumia muda mrefu zaidi kubishana.

Nawakaripia kwa sababu kosa hili nimelifanya. Falling into Infinity ilipotoka 1997, niliihukumu kwa wiki moja. Tulijua kwamba kampuni ya muziki iliwabana: bendi ilikuwa na nyimbo za kujaza diski mbili, ikaambiwa itoe moja, na wimbo mmoja ukaletewa mtunzi wa nje ausaidie uwe wa redio. Mimi nikasema bendi imekwisha. Kaseti yangu nikaigawa. Miaka ikapita, baba yangu akafariki, na katika zile wiki ambazo watu wameacha kuja kukupa pole, nikaazima albamu ileile. Nikafika kwenye Take Away My Pain, wimbo ambao Petrucci alimwandikia baba yake aliyekufa kwa saratani. Ulikuwepo humo muda wote. Nilikuwa nimeuruka. Leo Falling into Infinity ni ya nane kwangu, na siipandishi kwa huruma. Ina nyimbo mbili dhaifu na nazisema. Lakini nazisema baada ya kuzisikiliza.

Sasa kuhusu James LaBrie, mwimbaji wao. Nimeona mnavyomsimanga, na hapo ndipo hasira yangu inapokuwa kubwa. Desemba 1994, akiwa mapumzikoni Kuba, alidhurika na chakula, akatapika kwa nguvu hata kamba zake za sauti zikachanika. Aliambiwa apumzike. Mwezi uliofuata alikuwa Japani, jukwaani, kwa sababu ziara ilikuwa imepangwa. Ilimchukua miaka mingi kuirudisha sauti yake. Yaani Scenes from a Memory, ambayo nyote mnaipa nafasi ya kwanza au ya pili, aliiimba katikati ya miaka hiyo ya maumivu. Mnasifu nyumba, mnamtukana fundi aliyeijenga kwa mkono uliovunjika. Hatuna subira tena na binadamu anayechoka. Tunataka koo la mtu wa miaka 60 litoe sauti ya kijana wa 1992, na asipoweza tunamcheka hadharani, kisha tunajiita mashabiki. Siku hizi kila kitu ni hivyo, hata nje ya muziki: mtu anapimwa kwa sekunde kumi zake mbaya kabisa.

Mike Mangini, aliyeshika ngoma Portnoy alipoondoka, naye mwacheni. Aliacha kazi ya ualimu Berklee, chuo kilekile cha muziki ambako Petrucci, Myung na Portnoy waliianzisha bendi mwaka 1985, akapiga ngoma kwenye albamu tano. Tuzo ya Grammy ya kwanza ya bendi, ya 2022 kwa wimbo The Alien, ilipatikana yeye akiwa kwenye kiti. Portnoy amerudi 2023 na nimefurahi mno. Furaha hiyo haihitaji kumzika mwenzake.

Mmeniuliza orodha yangu, nawapa. Awake. Scenes from a Memory. Images and Words, ambayo ningeiweka juu zaidi kama sauti ya ngoma zake isingekuwa kavu hivyo. Six Degrees, kwa ajili ya ule wimbo wa dakika 42 unaowaingia wagonjwa sita wa akili mmojammoja bila kuwadhihaki. Octavarium. Train of Thought. A View from the Top of the World. Falling into Infinity. A Dramatic Turn of Events. Black Clouds & Silver Linings. Distance over Time. Systematic Chaos. Ile ya 2013 yenye jina la bendi. When Dream and Day Unite, ya 1989, kabla LaBrie hajafika.

Ya 15 ni The Astonishing ya 2016. Vipande 34, zaidi ya saa mbili, hadithi ambayo hainishiki hata kidogo. Nimeisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, nikiomba niwe nimekosea.

Parasomnia ya 2025 siipangi. Ni changa, na mimi nayo bado hatujapitia jambo lolote pamoja.

Wewe uliyeandika “inachosha”, sijakutaja jina na sitakutaja. Nakuomba jioni moja tu. Zima simu, anza na wimbo wa kwanza wa Awake, unaoitwa 6:00, usiruke hata pale unapotaka kuruka, nenda mpaka kile kinanda kibaki peke yake. Ukirudi na kuiweka tena nafasi ya 14, niandikie sababu zako. Nitazisoma zote, na sitakubishia kwa dharau.

Mzee wenu