Ndege niliyevuka mpaka kwenda kumwona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu, kwa heshima zote, msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba Watanzania hatupendi kutalii, kwamba hifadhi tumewaachia Wazungu na likizo zetu tunazimalizia kwenye harusi na misiba. Kuhusu harusi na misiba sina ubishi. Lakini mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia hapa Bukoba, nimetalii, tena ng'ambo ya mpaka, Uganda, na ndege niliyemfuata huko yuko pia katika nchi yangu mwenyewe, ila sikupata mtu wa kunifikisha alipo.

Ndege huyo ni korongo-nyangumi. Kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa nikimchora ubaoni kila nilipofundisha ardhi oevu: kimo chake hupita mita moja, rangi yake ni ya majivu, na mdomo wake ni mpana wenye ndoano nchani, mfano wa kiatu cha mbao. Waarabu humwita Abu Markub, yaani mwenye kiatu. Makao yake ni mabwawa ya mafunjo kuanzia Sudani Kusini hadi Zambia, na makadirio ya wataalamu ni kwamba waliokomaa wamebaki kati ya 3,300 na 5,300 tu duniani kote. Nilimchora miaka yote hiyo bila kumwona, na wanafunzi wangu, kwa ubaya wa michoro yangu, walimwita bata wa mwalimu.

Kabla ya kufikiria Uganda nilimwendea wakala mmoja wa utalii, nikamweleza kwamba nataka kwenda kumwona ndege huyu Malagarasi-Muyovozi, magharibi mwa nchi yetu, eneo la hekta milioni 3.25 ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza la Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, mgeni wako anatoka nchi gani?" Nilipomjibu kwamba mgeni ni mimi, alifunga daftari lake taratibu. Akanieleza kwa adabu kwamba upande wa Moyowosi, sehemu ya eneo hilo, ni pori la akiba, kwamba wanaokwenda huko ni wawindaji wenye vibali, na kwamba gari, mafuta, kambi na askari vyote ningevilipia peke yangu. Hesabu aliyonitajia ilikaribia kiinua mgongo changu chote.

Basi nikachukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikapanda gari la Mutukula, mpakani. Mtu wa rika langu havuki hapo bila kukumbuka vita vyetu na Idi Amin vya 1978 na 1979, lakini siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja, unagongewa mihuri ya nchi mbili ndani ya jengo moja, na nilichelewa zaidi kutafuta pa kubadilishia fedha kuliko kuvuka. Baada ya Masaka barabara inapita katikati ya bwawa kubwa la Lwera, ambako wachuuzi husimama kando ya lami wakiwainulia abiria samaki, na nyuma yao yanaonekana mashimo ya wachimba mchanga yaliyojaa maji. Niliyatazama kwa jicho la mwalimu, nikahuzunika kidogo, nikalala usingizi hadi Kampala.

Ghuba ya Mabamba iko kando ya Ziwa Victoria, ng'ambo ya Entebbe. Ni ndogo mno ukiilinganisha na Malagarasi, hekta 2,424 tu, na iliandikishwa Ramsar mwaka 2006. Nililala Entebbe, alfajiri nikavuka kwa pantoni kutoka Nakiwogo, nikamalizia kwa bodaboda kwenye vumbi jekundu hadi gatini. Hapo nilikuta mitumbwi ya mbao imepangwa, ubao wenye bei, na vijana wanaopokezana zamu. Kijana aliyenichukua aliniambia kuwa baba yake alikuwa mvuvi, na kwamba wavuvi wa zamani walipomwona korongo huyu asubuhi waligeuza chombo wakarudi nyumbani, kwa kuamini kuwa siku hiyo hawatapata kitu. Wengine walimfukuza au kumuua kabisa. Kihaya changu na Kiganda chake vilikutana katikati, na tuliposhindwa tuliazima Kiingereza.

Tuliacha maji ya wazi tukaingia kwenye vijia vyembamba kati ya mafunjo, kijana akazima injini akashika upondo. Ndege mdogo mwenye vidole virefu alitembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba ni zulia, na mdiria mmoja wa buluu alitutangulia kutoka bua hadi bua. Kisha kijana akaacha kusukuma. Hatua kama 20 mbele yetu alisimama yeye, peke yake, ameinamisha mdomo kifuani, hatikisiki hata unyoya, kiasi kwamba nilidhani nimeoneshwa kisiki. Nilikaa nikimtazama karibu dakika 40, magoti yakiniuma. Windo lake kubwa ni kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye hulazimika kupanda juu kuvuta hewa, na korongo huyu humngojea hapo hapo pa kuvutia hewa. Ghafla alianguka mbele kwa mwili mzima, mbawa zimetawanyika, maji yakaruka. Alipoinuka mdomo ulikuwa umejaa majani na tope, na katikati yake mkia wa kamongo ulikuwa ukijipinda. Akawa anauchezesha mdomo, akiyatema majani kidogo kidogo bila kumwachia samaki, mpaka akabaki na samaki mtupu, akammeza. Kijana hakusema neno, na mimi nilijikuta nimevua kofia.

Sitaficha lililoniudhi. Wakati ule mitumbwi mingine minne ilikuwa imekwisha kutukuta, na mmoja ulisogea karibu mno kwa sababu abiria wake walitaka picha. Korongo akaruka akatokomea. Ndege huyu hutaga kwa kawaida mayai mawili na mara nyingi hulea kifaranga kimoja tu, kwa hiyo kumsumbua kwenye makao yake si jambo dogo, na popote atakapooneshwa lazima pawe na idadi ya mitumbwi isiyozidishwa na umbali usiovukwa.

Siku mbili zilizobaki nilizitembea Kampala, mji nisioujua hata mtaa mmoja. Nilianza kwa kupotea. Katika kituo kikuu cha zamani cha magari, ambako daladala zao nyeupe, wao huziita taksi, zimebanana hadi huoni ardhi, nilimuuliza kwa Kiswahili muuza soksi njia ya kwenda Old Kampala, naye akasimama wima, akanipigia saluti: "Ndiyo, afande!" Majirani zake wakacheka, nami pia, ingawa chini ya kicheko kile kuna historia, maana kwa miaka mingi Kiswahili huko kilisikika zaidi vinywani mwa wanajeshi. Tangu 2005 katiba yao inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini nadhani habari hiyo haijafika kwenye soksi. Hata hivyo aliacha meza yake, akanisindikiza hadi kona, akakataa soda. Nilinunua soksi.

Katika Msikiti wa Taifa ulioko juu ya kilima cha Old Kampala nilipanda mnara, ngazi zaidi ya 300 ambazo sitazirudia, na huko juu mwongozaji akatuonesha vilima kimoja kimoja: Mengo, Rubaga, Namirembe, Kibuli, Makerere. Mimi nilitazama mabonde. Kila kilima cha Kampala kimezungukwa na bonde lililokuwa bwawa, na maji machafu ya mji hushuka kwa mfereji wa Nakivubo hadi kwenye mafunjo yaliyobaki, yanachujwa hapo, ndipo yanaingia katika ghuba ile ile ya ziwa ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya mji huo. Mafunjo niliyoyaona Mabamba yakimficha ndege, Kampala yanawasafishia watu maji, na bado yanajengwa juu yake. Mchana wa siku hiyo mvua ilinyesha kwa saa moja tu, nami nikasimama kibarazani nikila chapati ya mayai wanayoiita rolex, nikiangalia barabara ikigeuka mto. Juu ya mti, marabu watatu, korongo wakubwa wenye upara, ndege wa mabwawa waliohamia jalalani, walikuwa wakikausha mbawa.

Nirudi kwa msomaji mwenzangu. Mabamba hawatuzidi kwa utajiri wa ardhi oevu. Walichotuzidi ni gati, ubao wenye bei inayosomeka, na vijana wa kijijini wanaojua ndege yuko wapi na wanaofaidika akiwa hai. Sisi tuna reli ya kati inayopita Nguruka mkoani Kigoma, karibu na Ziwa Sagara lililo ndani ya ardhi oevu hiyo, tuna daraja la Kikwete juu ya Malagarasi lenye lami pande zote, na tuna wavuvi wenye mitumbwi tangu enzi za babu zao. Siwapingi wawindaji, wanalipa na fedha yao inahitajika, lakini eneo la hekta milioni tatu na zaidi halikosi kona moja ya kuwapeleka wananchi na wanafunzi, nje ya vitalu vya uwindaji, kwa utaratibu usiowasumbua ndege wakati wa kulea.

Kwa hiyo swali langu kwa wahusika wa maliasili, ambalo ningefurahi likijibiwa katika ukurasa huu huu, ni hili: mwananchi akishuka kwenye treni Nguruka na mkoba wake, amuulize nani, apande mtumbwi upi, na alipe shilingi ngapi? Nikipata jibu kabla ya kiangazi kijacho, nauli ya treni nimekwisha kuiweka kando, na wanafunzi wangu wawili wa zamani, ambao sasa wana wajukuu, wameomba tufuatane wakamwone bata wa mwalimu.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu Mstaafu,
Bukoba