Kuhusu hotuba yako ya tarehe 7 Agosti

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Huku ni wazima, kimya changu kisikutie shaka. Mwalimu Kombo kanifikishia hotuba yako ya kumbukumbu ya mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar, nami naharakisha kukuandikia kabla hujaitoa.

Umesema chanzo cha ugaidi ule ni umaskini. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Ayman al-Zawahiri, aliyekuja kuongoza al-Qaeda, alikuwa daktari wa upasuaji, wa ukoo wenye heshima zake Cairo. Anzia gerezani, Hamisi.

Nasser, mtawala wa Misri, aliwakamata Ndugu Waislamu, wale wa jumuiya ya kisiasa ya Kiislamu, kwa wingi mwaka 1954. Mwaka 1957 askari wakaua wafungwa 21 humo humo gereza la Tora. Sasa mfungwa anapigwa na askari anayefunga Ramadhani kama yeye. Anajiuliza, huyu kweli Mwislamu mwenzangu? Maandishi ya Sayyid Qutb, mwandishi wa Ndugu na mfungwa wa Tora, yakawapa baadhi yao jibu: si Mwislamu. Kutoka kwa askari wakahamia kwa mtawala anayemtuma, kisha kwa raia wanaonyamaza. Hiyo ndiyo takfiri, na aliyekwisha kutolewa katika dini, damu yake wanaiona halali. Qutb alinyongwa 1966, maandishi yake yakazidi kusomwa. Shukri Mustafa, mfuasi mwingine wa takfiri, alifungwa 1965, akaachiwa 1971. Mwaka 1977 kundi lake likamteka na kumuua Sheikh al-Dhahabi, waziri wa zamani wa wakfu. Zawahiri alikamatwa 1981 baada ya Rais Sadat kuuawa, akateswa, akatoka 1984. Na sheria ya hali ya hatari ya mwaka ule wa 1981 ilidumu hadi 2012: unawekwa ndani bila mashtaka, na umlalamikie nani?

Ila usiseme gereza pekee linatosha, watakubana hapo. Hassan al-Hudaybi, kiongozi wa Ndugu, naye alifungwa, na takfiri aliipinga. Wala mateso ya Tora hayamwondolei mtu hatia ya roho 213 za Nairobi na 11 za hapo Dar. Hilo liseme mwanzo kabisa, maana wafiwa watakuwa wamekaa mbele yako.

Umepewa dakika ngapi? Wafiwa nao watasema, au ni viongozi tu? Algeria utaigusa, jeshi lilivyofuta uchaguzi Januari 1992 chama cha Kiislamu cha FIS kikiwa kinaongoza? Na ule ukurasa wa pili wa hotuba, utaubadilisha kweli?

Nduguyo,
Salum