Chatu wetu hakulogwa, aliugua baridi ya Uyole

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika hapahapa kwamba ngoma zenye nyoka zipigwe marufuku kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole, jijini Mbeya, kwa kuwa zinatisha watoto. Kwenye kikundi chetu cha ngoma watu walikasirika sana. Mimi nakubaliana naye kwamba nyoka wasipelekwe Uyole mwezi wa Agosti, ila hiyo sababu yake siikubali. Watoto ndio wanaogombea kukaa mbele. Wanaokimbia ni baba zao.

Mimi ni Msukuma wa Igurusi, wilaya ya Mbarali. Sichezi ngoma. Nafuga kuku na nasimamia mashine ya kukoboa mpunga. Mume wangu ndiye mwenye ngoma, na ngoma ina chatu. Kibali cha kukaa naye kipo kwenye faili la mwenyekiti, nasema mapema ili watu wa wanyamapori wasipate kazi ya bure. Chatu huyo anaitwa Shija. Wasukuma watacheka: Shija ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, naye alifika nyumbani mwaka mmoja baada ya Kulwa na Doto wangu.

Mwaka jana walikwenda naye Uyole tarehe 31 Julai. Siku moja kabla ya safari alikuwa amemezeshwa kuku mzima, ili awe mtulivu mbele za watu. Kule alilala kwenye sanduku la mbao, juu ya sakafu ya saruji, chini ya turubai. Wanaoijua Uyole wanajua usiku wa Agosti ulivyo: watu wazima wanalala na soksi na koti. Uyole iko juu kuliko Igurusi kwa zaidi ya mita 500, na upepo wa milimani hauulizi mgeni ametoka wapi.

Siku ya tatu Shija alimtapika yule kuku, ananuka vibaya. Siku ya tano alikuwa anainua kichwa na kukiegemeza kwenye ubao wa sanduku, mdomo wazi kidogo, mapovu puani, na kila akivuta pumzi unasikia kamluzi. Wakamchezesha hivyohivyo hadi tarehe 8. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baba Kulwa alinipigia simu usiku. Maneno yake ya kwanza: "Wametuweza." Alimaanisha wapinzani. Tangu enzi za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyokuwa vikishindana, ngoma ya Kisukuma haichezwi bila dawa, na kikundi kikikosa watu uwanjani kuna mtu lazima atatuhumiwa. Mganga alishatafutwa tayari. Nikamwambia amrudishe mnyama nyumbani kwanza, mambo ya mganga tutayaongelea hapa. Kondakta wa Costa ya kwanza alimkataa, wa pili hakuambiwa kilichomo kwenye kiroba. Shija akashushwa kwa kupitia mteremko wa Mlima Nyoka, na abiria waliochungulia makorongo wakimwomba Mungu hawakujua wamekaa na nani.

Sasa niseme na makosa yangu, maana si ya wanaume peke yao. Usiku alipofika nyumbani nilimwekea chupa ya maji ya moto, nimeifunga kwa kanga mkunjo mmoja. Nilidhani ikimchoma atasogea. Hakusogea. Nyoka anaweza kulalia kitu kinachomuunguza kwa chini asiondoke, na asubuhi alikuwa na baka jekundu tumboni la upana wa kiganja. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikauziwa unga wa kuku wa kuchanganya na maji ya kunywa. Maji yenyewe hanywi, dawa itaingilia wapi? Shemeji naye alitaka kumkamulia mayai mabichi kooni apate nguvu. Huyo nilimfukuza na mwiko.

Aliyetusaidia ni bwana mifugo wa kata, kijana mdogo. Alisimama mlangoni hatua tano nzima. "Mama, mimi nimezoea ng'ombe. Nyoka nilimsoma kwa ajili ya mtihani tu." Lakini alimpigia mwenzake aliyesoma naye SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, akaweka simu kwenye spika, na yule mtu alituuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: analala kwenye joto la digrii ngapi?

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analitoa mahali alipo. Akipoa, tumbo linasimama na kilichomo kinaoza, ndiyo maana ya yule kuku. Kinga yake ya mwili nayo inalala, wadudu wanashuka mapafuni. Na kibaya zaidi, nyoka hawezi kukohoa kama sisi. Hana ule msuli wa chini ya mapafu unaotusaidia kukohoa, hivyo makamasi yanakaa palepale mpaka yamzibe. Mluzi ule aliokuwa akitoa kumbe ni nimonia.

Daktari wa kwenye simu alisema sindano bila joto ni kutupa hela. Nikamuuliza kama ni kama vifaranga. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, ni kama vifaranga kabisa, ila huyu ana upande wa kukimbilia joto likimzidi." Basi. Vifaranga nimewalea kwa mamia, kila msimu wa baridi, na sijawahi kumwita mganga.

Tulitengeneza sanduku lenye kuta mbili, katikati tukashindilia pumba za mpunga, kwa kuwa mashineni kwangu ni mlima. Ndani hatukuweka pumba hata chembe, vumbi lake lingemmaliza, tulitandika magazeti (samahani mhariri, na lako lilikuwamo). Upande mmoja globu ya wati 60, ile ya zamani, imezungushiwa wavu wa kuku asiiguse. Kipimajoto cha vifaranga nilikifunga upande wa globu kikasoma 31 hadi 32, na upande wa pili kiliposhuka chini ya 26 niliamka kufunika blanketi. Umeme ulikatika usiku mara mbili. Niliwasha jiko la mkaa nje mpaka moshi ukaisha, nikachemsha maji, nikajaza madumu, nikayaegemeza nje ya sanduku. Ndani, kamwe tena.

Dawa hupimwa kwa uzito, kwa hiyo Shija alipimwa mashineni, kwenye mizani ya mpunga, ndani ya kiroba. Kilo 9 na nusu ukitoa kiroba. Wateja walihama foleni wote. Dawa ilikuwa seftazidimu, antibiotiki hiihii wanayochomwa binadamu hospitalini, kila baada ya saa 72, mara saba. Kiasi chake sikiandiki hapa, kamuulize daktari wako. Ila jambo moja nitaliandika: sindano ilichomwa sehemu ya mbele ya mwili, karibu na shingo kuliko mkia, kwa sababu damu ya nusu ya nyuma ya nyoka inaweza kupitia figoni kwanza, na huko dawa inapotea au inaumiza figo zenyewe. Baka la moto tulilisafisha kwa ayodini iliyozimuliwa maji mpaka ikawa kama chai ya rangi yenye majani machache.

Kila siku ya pili nilimweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyofika kidevuni, kwa dakika ishirini. Doto ndiye alikuwa anashika saa. Siku ya tisa Shija akanywa. Taya inacheza kidogokidogo chini ya maji, huwezi kuona kama hujatulia. Nilikaa chini na nguo zangu za mashineni nikamwangalia mpaka maji yakapoa, nikasahau kumtoa, Doto akanigombeza.

Chakula hatukumlazimisha, ingawa Baba Kulwa alikuwa anazungukazunguka na kuku mkononi kila Ijumaa. Wiki ya sita macho yakawa na ukungu wa buluu, tukaogopa tena, kumbe anajiandaa kujivua gamba. Lilitoka zima, isipokuwa pale kwenye kovu, lilichanika. Wiki iliyofuata alipewa panya mmoja wa mashineni, aliyekufa kwa mtego, si kwa sumu. Akameza. Panya hakurudi.

Baba Kulwa bado anasema dawa ya mganga pia ilisaidia. Haya, tumekubaliana kutokubaliana; yeye alilipa mbuzi, mimi nililipa umeme.

Ninachoomba ni hiki. Barua za mialiko ya Nane Nane zimeanza kutoka, na najua vikundi vingine viwili vya huku Usangu vyenye chatu vinavyojiandaa kupanda. Kule Bujora, Mwanza, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma la mwezi Juni, chatu wanachezeshwa na hakuna shida, lakini Bujora iko karibu na ziwa na kuna joto, Uyole ni nyanda za juu. Kama waandaaji wanataka nyoka, basi aje asubuhi na kurudi jioni ileile, asilale Uyole, na asiwe amelishwa wiki hiyo. Nawe mhariri, daktari wako wa ukurasa wa mifugo ameshaandika kuhusu bata mzinga mara tatu. Nyoka hata mara moja.

Shija mwaka huu haendi. Wenzake watacheza bugobogobo na majembe yao, majembe hayapati nimonia. Na kama kuna msomaji mwenye globu za zamani za wati 60 zilizobaki dukani, azilete mashineni Igurusi nitanunua. Hizi nyeupe za siku hizi zinawaka vizuri, lakini ukizishika ni za baridi.

Mama Kulwa,
Igurusi, Mbarali