Betri Ilikuwa Nzima

Kondele, Kisumu

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Goti liko vile vile, mvua inalichokoza. Umeuliza mbona juzi nilikata simu nikisema betri imeisha. Betri ilikuwa nzima. Nilikuwa nimetoka benki, na sikutaka uisikie sauti yangu.

Nilienda na mjukuu, anishike mkono barabarani kwa sababu ya hizi bodaboda. Tulipofika dirishani, kijana wa ndani akamtazama mtoto: "Nyanya anataka nini?" Nikajibu mimi. Akamgeukia mtoto tena: "Kitambulisho chake kiko wapi?" Kilikuwa mbele yake, nimekiweka mwenyewe. Kisha, bila kuuliza neno, akanisogezea kile kisanduku cha wino wa bluu nitie dole gumba.

Mimi! Miaka 34 nimeshika vidole vya watoto wa watu nikiwafundisha kuandika "a" yenye tumbo. Mwandiko wangu unaujua, ndio huu unaousoma.

Na unajua nilifanya nini? Nikatia dole. Foleni ilikuwa ndefu, watu wananung'unika nyuma yangu, nikaona haya kujieleza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yule kijana. Mjukuu alinipa kitambaa nipanguse wino, hatukusemezana mpaka stendi.

Jirani yangu yake ni kinyume. Yeye hajui kuandika, amepita miaka 70, na hupokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, kwa mwezi, zikija. Jembe limemla alama za vidole, mashine ya wakala haimsomi. Hupangusa kidole kwa leso, akabonyeza tena, na tena. Wakala humpigia kelele arudi kesho, utadhani ni kiziwi. Anasikia kuliko mimi.

Ya makanga wa matatu na "mathe, ngoja ingine" sitayaandika, najua hata huko Nakuru mnayo.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee tuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa. Nilikiandika ubaoni mwenyewe mwaka 2010, Katiba ikiwa mpya, darasa la saba wakakinakili. Nikimpigia hesabu yule kijana wa benki, umri wake ni ule ule wa darasa lile. Nimekaa nikijaribu kuikumbuka sura yake, sijafaulu.

Lakini nasi tusijifanye malaika. Unamkumbuka mwalimu mkuu wetu wa kwanza, tuliyemwita Gramafoni kwa kurudia hadithi zake? Tulikuwa tukiangaliana chini ya meza ya ofisi na kubana vicheko. Hakuwa hata amefika 55, umri wa kustaafu wa siku zile.

Mwezi ujao nitaenda peke yangu. Ukija Desemba niletee viazi vya Molo, na ile kalamu ya wino uliyoniahidi siku tulipostaafu. Omena wako nimeshaanika.

Wako,
Mwalimu wa Kondele