Barua ya wazi kwa Diwani wetu: njoo tusomeane madaftari

Mheshimiwa Diwani,

Pokea salamu za majirani zako wa ng'ambo ya korongo. Kila tunapokutana njiani unasimamisha gari, unashuka na kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nami huitikia marahaba kwa moyo wote, maana nakukumbuka ulivyokuwa unakaa dawati la mbele, kidole juu kabla swali halijaisha. Heshima hiyo hukuiacha hata baada ya kupewa kata nzima. Ndiyo maana nakuandikia wewe, na nakuandikia hadharani habari ya kivuko cha korongo letu, kwa kuwa barua tatu tulizopitisha ofisini ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hadi leo hazijajibiwa.

Nianze na asubuhi moja ya Novemba, wakati wa mtihani wa kidato cha nne. Usiku ule kwetu halikudondoka hata tone. Ilinyesha juu, kwenye miteremko ya Meru, na wewe mtoto wa Arusha unajua maana yake: sisi wa chini tunalala pakavu, tunaamka korongo linanguruma. Magogo tuliyoyalaza yawe daraja yalikuwa yameshakwenda na maji. Ukingoni walisimama watahiniwa wanne, viatu mkononi, wakiangalia ng'ambo. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaleta kamba ya kufungia mizigo, wakaifunga kwenye mgunga wa upande wetu, mmoja akavuka nayo akaishikilia na wenzake upande wa pili. Watoto wakapita wakiishika, maji kiunoni, sare na kalamu zao zikiwa kwenye ndoo yenye mfuniko kichwani. Waliwahi wote. Lakini jioni mama wa mmoja wao aliniambia binti yake aliingia kwenye chumba cha mtihani akitetemeka, vidole vimekufa ganzi, na alikaa muda mrefu kabla ya kuandika jina la somo.

Hatuogopi bure. Aprili 2024, hapa hapa Arusha, maji ya korongo yalisomba gari la wanafunzi asubuhi na watoto wakapoteza maisha. Tangu hapo hakuna mama wa mtaa wetu anayesikia mngurumo ule akaendelea kukoroga uji kama hakusikia kitu.

Na korongo lenyewe halikai mahali pamoja. Ardhi yetu ni majivu ya volkano, laini, inamegeka kama andazi. Kila masika ukingo unarudi nyuma. Huko juu nyumba zimeongezeka, mabati na nyua za saruji zimefunika mahali ambapo zamani maji yalikuwa yanazama kwenye migomba na mibuni, hivyo yote yanateremka kwetu kwa mkupuo. Halafu kuna malori ya mchanga. Yanaingia kukiwa bado giza, yanachimba chini ya ukingo, yanaondoka kabla jua halijatoka. Jirani yangu mjane alikuwa na hatua kumi na tisa kutoka mlango wa jiko hadi ukingoni. Mwaka huu tumehesabu naye tena: kumi na moja. Hayo malori yanaruhusiwa na nani, na yanalipa nini, kwa nani? Swali hilo liko ukurasa wa kwanza wa daftari letu.

Ninaposema daftari letu, nina maana ya daftari kweli, la karatasi, lenye jalada la bluu. Wiki ile ile ya mtihani tulikutana kwenye uwanja wa fundi seremala, tukaunda kamati ya kivuko. Nakuomba uielewe kamati hii, maana nimesikia umeambiwa ni watu wa kuchochea. Kuna mwenye kadi ya CCM, kuna wa CHADEMA, kuna wasiotaka kusikia habari za chama chochote. Kuna Mzee wa msikitini na mama wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Kuna Yeyoo (yaani mama, kwa Kimaasai) anayeuza maziwa alfajiri, ambaye ndiye anayejua korongo kuliko sisi wote kwa kuwa hulivuka kila siku na madumu mgongoni. Mimi nimepewa kazi ya kuandika.

Tulikubaliana kila kaya itoe shilingi 5,000, asiyeweza atoe siku moja ya kazi. Kila aliyetoa ameandikwa, na amesaini au kuweka dole gumba. Tukanunua saruji, wenye toyo, zile pikipiki za mizigo, wakatubebea mawe bila malipo, vijana wakachimba mahali pa kuanzia. Siku ya nne tukaletewa ujumbe kwamba tusimame. Tukaambiwa kivuko hakijengwi kwa kubahatisha, lazima mhandisi aje apime na achore. Jambo hilo ni la haki, nami nililitetea mbele ya vijana waliokasirika. Maji ya korongo yakikuta kalavati dogo yanalizunguka na kuchukua nyumba za watu, na nani kati yetu angebeba lawama hiyo? Tukasimama. Tukaweka saruji stoo kwa fundi seremala, tukasubiri mhandisi.

Tumesubiri vuli ikapita, kiangazi kikapita, masika ikapita. Mhandisi hakuja. Saruji imeganda, Mheshimiwa. Nilipelekwa kuiangalia mwezi uliopita. Mifuko imekuwa mawe, imebaki na umbo la mfuko, hata ile mishono ya pembeni inaonekana. Wanaoipita kila siku ni wale wale walioitoa mfukoni mwao, na mmoja aliniuliza kwa upole, hakuwa na hasira hata kidogo: "Mwalimu, wakituita tena kuchanga, utatuambia nini?" Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Kwa sababu tumeitwa tena. Safari hii ni madawati. Tangazo limekuja na kiwango cha kila kaya na tarehe ya mwisho, limesainiwa, limepigwa muhuri. Madawati tunayataka, wanaoyakalia ni wajukuu zetu. Kinachotuuma ni kwamba kwenye kuchanga ofisi inatujua kaya kwa kaya, jina kwa jina, na kwenye kuamua haitujui kabisa.

Najua utasema kivuko hakiko mikononi mwako. Ni kweli kwamba barabara na vivuko vya mitaa viko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017, na diwani hashiki mfuko wake. Lakini angalia tunavyochangia. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Yule kijana aliyevuka na kamba anajaza tangi lake kila asubuhi, kwa hiyo kila asubuhi analipia kivuko ambacho hakipo. Mwaka huo huo kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye LUKU. Mpangaji wa chumba kimoja akinunua umeme, anakatwa. Kisha jioni anagongewa mlango atoe mchango wa hiari.

Hao wapangaji nao wana neno lao. Kwenye mkutano wa mwisho wa mtaa, ambao sasa umepitisha mwaka, mama mmoja anayeuza ndizi Soko la Kilombero alisimama kuuliza habari ya taa za njiani. Akaambiwa akae, eti yeye ni mpangaji, mwenye nyumba wake ndiye aseme. Mama yule ameishi hapa miaka tisa na amezaa hapa watoto wawili. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi, kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Tarehe 27 Novemba 2024, siku ya kuchagua viongozi wa mitaa, hakuna aliyemuuliza kama nyumba ni yake. Alipanga foleni juani kama mimi. Nilipaswa kusimama siku ile nimtetee na sikusimama; nimeshamwomba radhi, naye amekubali kuingia kwenye kamati.

Mheshimiwa, mimi nimezaliwa kabla ya Azimio la Arusha. Nilikuwa mtoto mwaka 1967 TANU ilipolipitisha hapa mjini, na baadaye nimepeleka madarasa mengi kwenye lile jumba la makumbusho pale Kaloleni, labda na lako. Vile vile nimeishi katika mji usio na diwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali za mitaa zilivunjwa, ikasemwa kwamba madaraka yanapelekwa mikoani. Walioamua habari za mfereji wetu walikuwa maofisa ambao hatukuwachagua na tusingeweza kuwaondoa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvunja vyombo vile lilikuwa kosa. Sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikaviweka upya kisheria, moja kwa wilaya na nyingine kwa miji, na Katiba yetu, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kiti unachokalia, mwanangu, kilinyang'anywa watu kikarudishwa. Nakumbuka kilivyokuwa hakipo. Ndiyo maana sikubali kikaliwe kama kiti cha kupokelea wageni.

Basi tunachoomba.

Tunaomba uhakikishe mkutano wa mtaa unaitishwa, na uje mwenyewe. Usiitishwe Jumatatu saa nne asubuhi kama ule wa mwisho, saa ambayo wauza mboga wako sokoni, mafundi wako saiti na wenye vifodi vya abiria wako barabarani, ukabaki na wastaafu kama mimi na watu wa ofisi. Uwe Jumapili saa tisa alasiri, watu wametoka ibadani na wamekula. Tangazo lisibandikwe kwenye mlango wa ofisi peke yake. Lisomwe kanisani na msikitini, lifike vijiweni. Kipaza sauti tunacho. Mwenye studio ya picha amejitolea.

Siku hiyo njoo na daftari lenu, sisi tuje na letu. Sisi tutasoma kila shilingi tuliyokusanya, nani ametoa, imenunua nini na imegandia wapi. Nanyi mtusomee mapato na matumizi ya mtaa, na mtuonyeshe kivuko chetu kimeandikwa wapi katika mipango ya kata. Kama hakijaandikwa, tuambieni hivyo hivyo mbele ya watu. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini vipaumbele vya mitaa huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Tukikutana baada ya bajeti kupita, tutakuwa tumekutana kupeana pole.

Tunaomba pia mhandisi wa TARURA aalikwe, atembee na sisi korongoni saa moja tu kabla ya mkutano. Yeyoo ataongoza njia. Anajua mahali ambapo maji hupita yakiwa mengi na mahali yanapopumzika, na naamini mhandisi mwenye kusikiliza atajifunza kwake mambo ambayo kamba ya kupimia haisemi. Kama jibu la mhandisi ni kwamba kivuko cha magari kitangoja miaka mitatu, tutalipokea, mradi atuchoree cha waenda kwa miguu ambacho tunaweza kuanza nacho bila kuhatarisha watu. Nguvu tunazo. Kuna vijana hapa wameandika katiba ya kikundi chao ili waombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwenye fungu la asilimia 4 la vijana. Wanataka mashine ya kufyatua tofali za saruji. Fomu yao imekaa muda mrefu kama barua zetu. Ukiisukuma, tofali za kivuko zinaweza kutoka mtaani kwetu wenyewe.

Kuhusu malori ya mchanga, hatutaki kusikia kwamba suala linashughulikiwa. Tunataka kujua kwa jina la ofisi ni nani mwenye jukumu la kuyazuia, na mjane yule apigie simu nani akiyasikia saa kumi usiku.

Na mkutano wa Baraza la Madiwani ujao tutakuja, watu sita, tutakaa viti vya wananchi nyuma, kimya. Mikutano ile iko wazi, lakini nimegundua kwamba mtaani kwetu hakuna aliyewahi kwenda. Hilo ni kosa letu na tunalirekebisha. Usitushangae ukituona. Hatutakuja kukuvizia, tunataka kusikia ukilitaja korongo kwa sauti ile ile uliyokuwa ukijibia maswali darasani.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi, lenye tarehe ya Jumapili utakayoichagua. Likifika nitalisoma kwenye kijiwe cha bodaboda, kisha nitalibandika kwenye stoo ya fundi seremala, juu ya ile mifuko. Vuli haiko mbali. Kamba bado imefungwa kwenye mgunga. Vijana wameikagua Jumamosi na kubadilisha fundo.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Mwalimu mstaafu,
Mwandishi wa kamati ya kivuko, ng'ambo ya korongo,
Arusha